Bi Winifrida Feruzi na Ng'ombe wa Kingsbury

Baba Padri, ndugu, jamaa, majirani wa Queensbury na Harrow, na nyote mliotoka mbali kwa treni na kwa mabasi kuja kusimama nasi leo, Ijumaa tarehe 20 Februari 2009, kwa niaba ya ukoo wa marehemu Mzee Feruzi Songoro nawasalimu na kuwashukuru. Mimi ni Anastasia Yusto Feruzi, mtoto wa kaka wa marehemu, na kwa kuwa shangazi hakuacha mtoto, wazee walioko Dar es Salaam na Unguja wamenipa mimi kazi ya kuwasomea maisha yake. Nimeandika mwenyewe, nikafuta mara nyingi, kwa hiyo nikisita mahali naomba mnivumilie.

Marehemu Winifrida Feruzi alizaliwa Mbweni, kisiwani Unguja, siku ya Alhamisi tarehe 14 Agosti 1941, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa Mzee Feruzi Songoro na Bi Lusia Mabruki. Baba yake alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wa misheni kwa miaka zaidi ya thelathini, na maziwa yake yalinywewa na masista, na wagonjwa wa hospitali, na nusu ya watoto wa Mbweni, na marehemu tangu ana miaka sita alikuwa akimfuata baba yake zizini kumshikia ndama, ndiyo maana hata uzeeni, akiwa mwanamke wa London mwenye koti zito na kadi ya basi ya wazee, aliweza kumtazama ng'ombe katika picha tu ya gazetini akasema huyu ana homa, au huyu atazaa mwezi huu.

Alibatizwa na kupata kipaimara Unguja, akasoma shule ya misheni ya wasichana kuanzia mwaka 1949 hadi 1958, akafaulu vizuri hesabu, Kiingereza na kushona, na mwezi Februari 1959 akaajiriwa katika jumba la makumbusho la Mnazi Mmoja kuwa mtunzaji wa vyumba, kazi ya kufuta makabati ya vioo, kufungua madirisha na kuwaonya wageni wasiguse. Alituambia kuwa watu walimcheka, msichana aliyesoma hivyo anafuta vumbi, lakini yeye aliipenda kazi ile kuliko dawati lolote, kwa sababu kila siku alikuwa peke yake na vitu vizuri saa nzima kabla mlango haujafunguliwa.

Jumamosi tarehe 28 Aprili 1962 alifunga ndoa takatifu na Damiani Farahani, askari polisi wa kituo cha Ziwani, kijana mrefu mwenye kigugumizi kidogo, fundi wa kutengeneza saa za watu kwa mapenzi tu, na tarehe 18 Oktoba 1963, sikukuu ya Mtakatifu Luka, Mungu akawajalia mtoto wa kiume, nao wakamwita Lukasi. Walipanga chumba Ng'ambo, wakanunua kitanda na meza, na shangazi alisema kuwa katika maisha yake yote hakupata kuwa na chumba kilichojaa kama kile.

Jumamosi tarehe 11 Januari 1964, baada ya chakula cha mchana, Damiani alivaa sare yake akaenda kazini Ziwani, na hakurudi. Kilichotokea Unguja siku iliyofuata kila mmoja wetu hapa anakijua kwa upande wake, wengine walifurahi na wengine walilia, na kanisani leo tumekaa pamoja sote, kwa hiyo sitasema zaidi ya hili, kwamba marehemu alizunguka na mtoto mgongoni kwa siku kumi na tisa, hospitali, magereza, na kambi zilizokusanyiwa watu, akiuliza, na hakuna aliyemwonyesha mumewe akiwa hai wala akiwa maiti, wala kofia yake. Mtu mmoja tu, askari mwenzake, alimwambia, "Shemeji, usiulize tena, kwa ajili ya huyo mtoto," na hilo ndilo jibu pekee alilopata maishani.

Mwezi Aprili mwaka huo alivuka kwenda Dar es Salaam na mama yake na mtoto, wakakaa Buguruni, naye akafanya kazi ya kufua nguo za hospitali. Mwaka 1966 mwalimu wake wa zamani, Sista Honoria, aliyekuwa amestaafu na kurudi Uingereza, alimpatia kazi ya usafi wa wodi hapa London, na baada ya kushauriana sana na mama yake wakakubaliana atangulie, apate makazi, kisha amchukue mtoto. Aliwasili London tarehe 9 Machi 1966, akapanga chumba kimoja Willesden, na Lukasi aliyekuwa na miaka miwili na miezi minne akabaki na bibi yake.

Tarehe 2 Juni 1968 Lukasi alifariki Buguruni kwa surua. Barua ilimfikia shangazi siku kumi na moja baadaye, alipokuwa tayari amenunua kitanda kidogo cha mtoto na kukipanga ukutani, kwa sababu ruhusa ya kumleta ilikuwa imepatikana mwezi Mei. Kitanda kile alikitoa kanisani wiki hiyohiyo. Kazini hakusema, na mwenye nyumba hakumwambia, na alinieleza mimi miaka mingi baadaye sababu yake, kwamba kuta za chumba kile zilikuwa nyembamba mno, ukikohoa jirani anagonga, na kilio chake hakikuwa cha kupigiwa ukuta.

Tarehe 5 Januari 1970 aliajiriwa kuwa mlinzi wa chumba katika jumba dogo la picha na vitu vya kale la Hollins, lililokuwa mali ya halmashauri ya eneo letu la kaskazini-magharibi, na akapewa chumba cha tatu, ghorofani, ambacho wageni wake walikuwa wachache kwa sababu ngazi zilikuwa nyingi. Katika chumba hicho ndimo ilimokuwa ile picha ambayo wengi wenu mmesikia habari zake, na ambayo siwezi kueleza maisha ya shangazi bila kuieleza.

Ilikuwa picha ya rangi ya mafuta, pana kiasi cha mikono miwili ya mtu mzima ikinyooshwa, iliyochorwa katikati ya karne ya kumi na tisa, ikionyesha mashamba ya nyasi yaliyokwisha kukatwa, kidimbwi, ua wa miti ya miiba, na njia ya udongo ambamo ng'ombe sita wekundu wenye mabaka meupe wanapita, na nyuma yao mwanamke mzee mwenye aproni na fimbo, na mbali kabisa kilima chenye mnara mwembamba wa kanisa, na mbingu ya dhahabu. Kibao chake kilisema, "Asubuhi, ng'ombe wakienda malishoni, mchoraji hajulikani." Shangazi alikaa mbele ya picha hiyo siku tano kwa wiki, na alisema kwamba humo ndimo alimomlilia mumewe na mwanawe, kwa sababu mgeni akipanda, ngazi zilimjulisha mapema, akapata nafasi ya kufuta macho.

Mwaka 1974 alihamia Queensbury, katika nyumba ya Bi Champa, ambaye yuko hapa mbele yetu, mzaliwa wa Mji Mkongwe ambaye alifika London mwaka 1964, ule wa misukosuko, na ambaye alimkodisha chumba cha juu cha nyuma, kwanza kama mpangaji, halafu kama dada. Chumba kile kina dirisha linalotazama kilima cha Harrow na mnara wa kanisa lake, na ilimchukua shangazi karibu wiki nzima, akipiga pasi mbele ya dirisha, kutambua kwamba kilima anachokitazama nyumbani ndicho kilima anachokitazama kazini. Mashamba yale ya nyasi yalikuwa hapahapa petu, chini ya nyumba hizi, chini ya kituo cha treni na maduka na shule.

Tarehe 12 Septemba 1979 shangazi alimwendea mhifadhi wa jumba, Bwana Ashcombe, mtu mpole mwenye elimu nyingi, akamwambia, "Bwana, samahani, kibao chenu kimekosea. Ng'ombe hawa hawaendi, wanarudi."

Bwana Ashcombe akauliza amejuaje.

"Tazama viwele. Vimejaa. Yule wa tatu ameitanua miguu ya nyuma kwa sababu anaumia. Ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa hatembei hivyo."

"Lakini Bi Feruzi, ng'ombe hukamuliwa mara mbili. Pengine wanarudishwa asubuhi."

"Basi njoo kwangu siku moja utazame dirishani. Kilima kile kiko upande wa kuchwa kwa jua, na mwanga wa picha uko nyuma ya kilima. Ile ni jioni."

Bwana Ashcombe alikuja kweli, mwezi Oktoba, Bi Champa akampikia chai ya tangawizi na bajia, akaketi juu ya kiti cha chumbani na kikombe magotini, na jua likazama nyuma ya mnara wa Harrow palepale mchoraji alipoliweka. Bi Champa anasema yule Mzungu alisahau hata bajia mkononi, kisha akasema taratibu, "Tumekuwa tukitafuta katika orodha za asubuhi kwa miaka hamsini."

Alirudi akatafuta katika orodha za zamani za maonyesho ya picha, chini ya neno jioni, na baada ya miezi minne akapata kuwa mwaka 1854 ilionyeshwa mjini picha iitwayo "Jioni, ng'ombe wakirudi kukamuliwa, Kingsbury, na mama yake mchoraji akiwachunga," na jina la mchoraji lilikuwa Elias Tidmarsh. Walipoitoa picha katika fremu yake, chini kabisa, mahali palipofunikwa na mbao, wakakuta herufi mbili za mwanzo za majina yake na mwaka 1853. Tidmarsh huyo alizaliwa Kingsbury mwaka 1819, mtoto wa kibarua wa mashamba ya nyasi yaliyokuwa yakilisha farasi wa London, alijifunza kuchora kwa kupaka vibao vya vilabu vya pombe, hakuwahi kwenda chuo, alichora picha chache sana ambazo tatu tu zimeonekana, na alikufa kwa maradhi ya kifua mwaka 1861, wala hakuna aliyemkumbuka. Kibao kipya kikawekwa, na Bwana Ashcombe, Mungu amrehemu naye, akaandika chini yake kwamba mchoraji alitambuliwa kwa msaada wa Bi W. Feruzi. Shangazi alinunua koti jipya kwa ajili ya siku ile.

Katika daftari la mazishi la kanisa la zamani la Kingsbury walipata pia kwamba Tidmarsh alizikwa pembe ya kaskazini ya uwanja wa kanisa, bila jiwe. Tangu mwaka 1980 shangazi alikwenda pale kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, akang'oa magugu na kuweka maua. Bwana Tarsem Singh, mlinzi mwenzake wa chumba cha pili, mzaliwa wa Kisumu, alimsindikiza mara moja akamuuliza kwa utani, "Mama, hii mzee ni ndugu yako?" naye akamjibu, "Hapana, Tarsem. Lakini huyu najua alipolala." Bwana Tarsem ananiambia kuwa hakuuliza tena, na kuanzia mwaka uliofuata yeye ndiye aliyeleta maua.

Mimi nilifika London mwezi Septemba 1988 kusomea uuguzi, nikapokelewa na shangazi katika chumba kilekile cha juu, nikalala kwenye godoro chini ya dirisha kwa miaka mitatu. Alinifundisha kupanda treni, kupika ndizi za hapa zikakubali kuwa ndizi, na kuvaa soksi mbili. Alikuwa mkali. Nikichelewa kanisani hakunisemesha mpaka Jumanne.

Sasa nafika mahali ambapo shangazi hakupenda kupasemea, lakini wazee wameniambia niseme. Picha ilipokuwa haina jina hakuna aliyeitaka, na baada ya kupata jina ikaanza kuombwa na majumba makubwa, ikaandikwa katika magazeti, na watu wenye mali wakaja kuitazama kwa miwani ya mkononi. Mwaka 1991 halmashauri ikatangaza kwamba haina uwezo wa kulitunza jumba la Hollins, na kwamba itaiuza picha ile moja ili paa litengenezwe. Shangazi aliisoma habari hiyo kwenye tangazo lililobandikwa jikoni kwa wafanyakazi, juu ya birika la umeme. Alirudi nyumbani mapema, akakaa kitandani na koti lake, akaniambia, "Anastasia, mimi ndiye niliyeiuza."

Hakukaa hivyo muda mrefu. Yeye, Bi Champa na Bwana Tarsem walikusanya saini za watu elfu moja na mia moja, milangoni, msikitini, hekaluni, katika gurdwara ya Masingasinga na kanisani, Bi Champa akiweka karatasi juu ya kaunta ya duka lake na kukataa kumpa mtu chenji kabla hajasaini. Msimamizi mpya wa jumba alimwita shangazi akamwonya kwamba mfanyakazi wa halmashauri haruhusiwi kuipinga halmashauri hadharani, na akisimama kusema huenda akafukuzwa. Alikuwa na miaka hamsini, hana mume, hana mtoto, hana nyumba. Nilimsihi, nikasema, "Shangazi, ni picha tu." Ni neno ninalolijutia mpaka leo. Alinitazama akasema, "Baba yako akiwa na miaka kumi alinivunjia kikombe akasema ni kikombe tu. Ninyi mna bahati, vitu vyenu bado vipo."

Jumanne tarehe 19 Novemba 1991 alipewa dakika tatu mbele ya madiwani, na mimi nilikaa nyuma na Bi Champa, na maneno yake niliyaandika siku ileile, nayo nimeyatafsiri hivi:

"Mabwana na mabibi, mimi nilitoka kwetu sikubeba picha hata moja, wala ya mume wangu. Nimesahau pua yake ilivyokuwa. Kwa hiyo najua mtu anavyokuwa akiondolewa kitu cha kutazama. Watu wengi wa mtaa huu wametoka mbali, na watoto wao wanadhani hapa hapakuwa na kitu kabla ya nyumba. Nawaonyesha picha ile nawaambia, tazama, hapa ndipo unapoishi, palikuwa na mama na ng'ombe wake. Mchoraji alikuwa mtoto wa kibarua wa hapa. Niliwaambia ukweli juu ya kazi yake kwa sababu nilidhani ukweli utamsaidia. Nawaomba msinifanye nijute."

Walisikiliza kwa heshima, diwani mmoja akafuta macho, kisha wakapiga kura, na thelathini na mmoja wakakubali picha iuzwe, ishirini na wanne wakakataa. Shangazi hakufukuzwa, alipewa barua ya onyo, akaikunja akaitia ndani ya Biblia.

Picha iliondolewa Ijumaa tarehe 6 Machi 1992. Wachukuzi walipofika na makasha yao shangazi aliwaomba wangoje, akachukua brashi yake laini, akaifuta fremu pande zote nne kama alivyofanya kila Ijumaa kwa miaka ishirini na miwili, akaikunja aproni yake, akasema, "Sasa." Bwana Tarsem aliwashikia ngazi huku analia, shangazi hakulia. Mnunuzi hakutajwa jina. Tuliambiwa tu kwamba picha imekwenda ng'ambo, kwa mtu binafsi, na tangu siku ile hatujasikia imeonekana mahali popote.

Jioni ile nyumbani alisema, "Kama ningenyamaza ingekuwepo," na Bi Champa akamwambia, "Dada Wini, kweli haina kosa. Kosa ni la waliouza." Alimwitikia kwa kichwa, lakini sisi tuliokaa naye tunajua kuwa hakukubali, na kwamba jambo lile alikuwa nalo mpaka mwisho. Sitaki kusimama hapa kanisani niseme kwamba alipata faraja, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kusema uongo ili watu wapumue.

Aliendelea kukaa katika chumba cha tatu kwa miaka tisa zaidi, mbele ya ukuta mtupu uliobaki na alama nyeupe ya mstatili. Watoto wa shule za Kingsbury na Queensbury walipoletwa, aliwasimamisha mbele ya ukuta ule akawaeleza picha kwa mkono, hapa kidimbwi, hapa mama na fimbo yake, hapa ng'ombe wa tatu anayeumia, na walimu wamenihakikishia kwamba watoto waliufuata mkono wake kwa macho. Msichana mmoja aliwahi kumuuliza ng'ombe wamekwenda wapi, naye akamjibu, "Sijui, mwanangu. Ningejua ningewafuata kwa miguu." Alistaafu tarehe 31 Agosti 2001, na jumba la Hollins likafungwa miaka miwili baadaye, paa likiwa limetengenezwa.

Mwaka 1996 alisafiri kwenda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza tangu 1966, kaka yake Yusto, baba yangu, akampeleka makaburini Buguruni, wakatafuta siku mbili, lakini makaburi yalikuwa yameongezwa juu ya makaburi na kibao cha Lukasi hakikuonekana. Alikwenda hadi bandarini akakata tiketi ya boti ya Unguja, akasimama foleni, na watu walipoanza kupanda akampa tiketi mama mmoja aliyekuwa na watoto, akageuka. Baba yangu alimuuliza kwa nini, akasema, "Nikifika Ziwani nitauliza tena, na sina nguvu ya kujibiwa." Alirudi London baada ya wiki tatu, na hakusafiri tena.

Katika maisha ya kanisa alikuwa mwanachama wa Umoja wa Akina Mama tangu 1975, alishona vitambaa vya altare hii mnayoiona, na kwa miaka kumi na minne aliwafundisha watoto wa Kiswahili wa jirani kusoma, wote wakimjibu kwa Kiingereza naye akiwajibu kwa Kiswahili, hakuna aliyeshinda.

Tarehe 22 Machi 2006 alipatwa na kiharusi jikoni, kikamlegeza upande wa kulia, naye akajifunza kutembea upya kwa fimbo. Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 8 Desemba 2008, na hicho kilimwondolea Kiingereza chote, maneno ya miaka arobaini na miwili, yakabaki ya Mbweni tu, akawa anawauliza madaktari maswali ambayo hakuna aliyeyaelewa. Alilazwa wiki nane na siku tatu, na asubuhi ya Alhamisi tarehe 5 Februari 2009, saa moja kasoro dakika kumi, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, miezi mitano na siku ishirini na mbili. Ameacha kaka mmoja, dada mmoja, wapwa na watoto wa kaka kumi na mmoja, na wajukuu ambao baadhi yao wako hapa na wanaelewa ninachosoma hata kama watanijibu vingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote wa wodi aliyolazwa, tunamshukuru Bi Sheikha Shaame, mzaliwa wa Wete, aliyekuja kila asubuhi kwa miaka miwili kumwogesha na kumvalisha, ambaye kazi yake ilikuwa dakika thelathini naye akikaa saa mbili, na aliyemsomea Zaburi kwa sauti yeye mwenyewe akiwa Mwislamu, kwa sababu mgonjwa alimwomba. Tunawashukuru majirani wa Queensbury, Umoja wa Akina Mama, wafanyakazi wa zamani wa jumba la Hollins, Bwana Tarsem aliyekuja leo kwa kiti cha magurudumu, na Bi Champa, ambaye sina neno la kumshukuru, kwa miaka thelathini na mitano chini ya paa moja, pole sana, mama.

Na tunamshukuru kwa namna ya pekee muuguzi mmoja kijana aitwaye Daksha, mzaliwa wa Harrow, ambaye bibi yake alikijua Kiswahili lakini yeye hakijui. Alipoona mgonjwa wake anaita na hakuna anayeelewa, aliniuliza mimi maneno machache, akayaandika kwa kalamu nyuma ya kiganja chake, maji, maumivu, pole, geuka, nipo, na kila zamu aliyaandika upya kwa sababu yalifutika akinawa. Asubuhi ile mimi nilikuwa njiani, treni ilikuwa imechelewa kwa theluji, sikumkuta shangazi akiwa hai. Daksha ndiye aliyekuwa naye. Ananieleza kwamba shangazi alifumbua macho akatazama upande wa mlango, akauliza neno moja mara mbili, "Nani? Nani?" na yeye hakuelewa swali, akatazama mkono wake, akachagua neno lililokuwa la mwisho, akamshika akamwambia, "Nipo," na shangazi akasema, "Haya," akafumba macho.

Shangazi Winifrida, sisi tupo. Lala katika amani ya Bwana.